Mafuta ya Mkia wa Kondoo

Mwiko ndio uliokuwa karibu na mkono wangu, ule mrefu wa kusongea ugali wa watu wengi, na nilimpiga nao mpishi shingoni kabla sijatamka neno jingine. Alikuwa ameinama juu ya jiko. Aliposimama nikampiga tena, mara hii begani, na mwiko ukavunjika. Nikaendelea na kipande kilichobaki.

Mkono wangu wa pili ulikuwa na mkebe wa mafuta ya kondoo. Mkebe wangu. Nilikuwa nimeutoa muda huo huo kwenye mfuko wake uliotundikwa msumarini nyuma ya mlango wa jikoni, umeviringishwa kwa kitambaa cha mtoto mchanga, umejaa vilevile nilivyomkabidhi asubuhi. Mafuta yalikuwa yameyeyuka kwa joto la Kakuma, yanacheza ukingoni. Hakuna kijiko kilichoingia humo. Na binti yangu alikuwa hospitalini, midomo imevimba kama ya mtu aliyepigwa ngumi, alama ya sindano pajani, kwa sababu ya nyama ya hoteli hiyo. Nyama ambayo mpishi huyu alinitazama machoni akaniambia ameikaanga kwa mafuta yangu.

Karai lilikuwa motoni, limejaa yale mafuta mengine, ya kwao. Nilitaka kuyaona yakinywewa na mchanga. Nikalipiga jiko teke. Karai likapinduka, makaa yakatawanyika, moto ukaruka hadi kwenye pazia la mlango, na mafuta yakanimwagikia mguu wa kushoto, nami nimevaa ndara tu. Sikuhisi chochote. Harufu ya ngozi yangu niliisikia, nikadhani ni nyama ya mteja inaungua.

Wanaume wakaja kunishika. Mmoja nilimng'ata mkono. Baadaye niliambiwa alikuwa amekuja kunywa chai tu na hakujua hata ugomvi ni wa nini.

Ugomvi ulikuwa wa mafuta ya mbegu. Najua mtu akisikia mwanamke anauliza hotelini mmekaanga kwa mafuta gani, jibu analo tayari: huyu anapunguza tumbo. Mimi sina tumbo la kupunguza. Mimi nauza samaki wakavu. Nanunua Lodwar wakishatoka ziwani, napeleka Kakuma, nakaa huko hadi gunia liishe, narudi nyumbani Lodwar. Kakuma sina jiko. Nina chumba cha kukodi chenye kitanda na msumari wa kutundika nguo. Kwa hiyo nakula hotelini, na binti yangu tangu aachishwe kunyonya anakula hotelini.

Kumwacha Lodwar kwa mama mkwe nilijaribu. Mama mkwe anampenda mjukuu wake kwa kumlisha. Chochote kinachopita mlangoni lazima kiingie mdomoni mwa mtoto, kiwe andazi la jirani, kiwe uji wa msibani. Kwa mtoto mwingine huo ni upendo. Kwa wangu ni kisu.

Tulijua hivyo kwa bahati mbaya, Kakuma hapo hapo, kwenye kibanda cha ful. Ful ni maharagwe makubwa yaliyopondwa, watu wa Sudan huyapenda asubuhi, na juu yake humwagiwa vitunguu na mafuta mabichi. Mimi nilikula, nikapangusa sahani kwa mkate, kile kipande cha mwisho nikampa mtoto. Alikitafuna akicheka. Kisha akaanza kujikuna shingo. Kisha macho yakavimba yakawa mistari miwili. Aliponiita mama, sauti ilitoka kama ya mbuzi aliyekanyagwa shingo. Nilikimbia naye bila viatu hadi nikapata boda boda, na njia nzima nilikuwa nampiga makofi mgongoni mwenye pikipiki aongeze mwendo, hadi akaniambia nikimpiga tena tutaanguka sote watatu.

Hospitali walimshika wauguzi wawili, mmoja miguu, mwingine kichwa, sindano ikaingia pajani kupitia nguo. Alipoanza kupumua vizuri, daktari aliketi nami akaniuliza kila kitu kilichoingia kinywani mwake siku hiyo, hata maji. Nilipofika kwenye ful akanisimamisha. Ni simsim, akasema, zile mbegu ndogo nyeupe, na mafuta yake ya kukamua ndiyo yaliyokuwa juu ya maharagwe. Akanionya kwamba hatari haikai kwenye chupa yenye jina la simsim peke yake.

"Sokoni hapa mafuta ya mbegu yanachanganywa," alisema. "Alizeti, pamba, soya, simsim, mtungi mmoja. Usiyoyajua yametoka wapi yasimguse huyu mtoto. Tumia mafuta ya mnyama. Safari ijayo unaweza usifike hapa kwa wakati."

Nilipompelekea mama mkwe maneno hayo Lodwar, alipiga paja akasema kumbe hospitali nayo imeanza kupata akili. Yeye hajawahi kuyaamini mafuta ya dukani. Anasema chakula chake kinapita tu bila kusalimia. Wiki hiyo hiyo alichinja kondoo. Nilimshikia miguu, yeye akapitisha kisu, na kabla damu haijamaliza kutoka tayari alikuwa ameshika mkia, anaupima kwa kuubinya. Mkia wa kondoo wa kwetu wote ni mafuta. Alikatakata, akachemsha polepole hadi yakatoka yote, akachuja, akanijazia mkebe.

Lazima nieleze mafuta hayo ni nini, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka mbele. Mafuta ya mkia ni ya mwanamke aliyejifungua. Hata mtoto mdogo Turkana anajua. Nilipomzaa binti yangu, mama mkwe alinishika kidevu akaninywesha kikombe kizima, yakiwa moto, nami nataka kutapika, akaniambia nikiyatapika nitayanywa tena. Mwanamume ambaye mke wake amejifungua hutafuta kondoo. Hahojiwi na mtu, lakini kila mtu anatazama. Asipompata, jina lake linaanza kuoza akiwa hai.

Basi nikawa natembea na mkebe huo kwenye hoteli za Kakuma kama mwendawazimu na kopo lake. Kuomba tu mtu akukaangie kwa mafuta yako, utadhani umemwomba figo. Hoteli moja waliapa hawaweki mafuta kwenye nyama ya kuchoma, nikasimama pale nikamwona mchomaji akiichovya brashi kwenye mtungi. Nilipomuuliza akasema, "Hatuweki, mama. Ni ya kung'arisha tu." Nyingine niliuliza ni mafuta gani, mhudumu akajibu ni mafuta ya kupikia. Nikamuuliza yametokana na nini. Akawaangalia wenzake, akasema, "Madam, hapa ni hoteli, si maabara," wakacheka hadi jikoni.

Na hata nikikubaliwa, kazi haijaisha. Mwiko unaruka kutoka sufuria hii hadi ile. Chapati imekandwa kwa mafuta kabla haijaona kikaango. Maharagwe yamechemshwa vizuri, halafu mtu anayamalizia kwa kijiko kimoja cha mafuta kwa kuwa aliyemfundisha alifanya hivyo. Nilijifunza kumpa mtoto ugali mtupu, maziwa, mayai ya kuchemsha ambayo nimeyamenya mimi. Mtoto anaangalia sahani za wengine huku anatafuna ugali. Uniambie ungekuwa na subira ya siku ngapi.

Siku moja aliingia mwanamke wa mashirika ya misaada, kitambulisho kimening'inia shingoni, akaketi meza ya pili. Akamwambia mhudumu mayai yake yakaangwe kwa siagi, yeye hali mafuta ya mbegu, ameona kwenye simu kwamba yanaharibu mwili. Mhudumu akasema sawa madam, na msichana akatumwa dukani kununua siagi. Mimi nilikuwa nimeomba neno lile lile kabla yake, mkebe mkononi, mtoto mgongoni, nikaambiwa kama sitaki kilichopo nipishe wateja. Nilirusha glasi ya chai ukutani. Ilipasuka juu kidogo ya kichwa cha mhudumu. Yule mwanamke wa mashirika alijificha nyuma ya mkoba wake. Hoteli hiyo nilikatazwa kukanyaga, na nyingine mbili za jirani zikanikataza kwa kuambiwa habari tu.

Ndipo nikampata mpishi huyu.

Alikuwa mtu wa upande wa Lopur, kwenye hoteli iliyo kando ya barabara, ya mama mmoja mnene wa kwetu mwenye sauti ya kanisani. Nilipomwonyesha mkebe hakucheka. Aliufungua, akanusa, akafumba macho. "Haya ni ya mkia," akasema. Nikamweleza koo la mtoto. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akachukua kisufuria kidogo akakifunga kitambaa chekundu kwenye mpini, akasema kuanzia leo hicho ni cha binti yako, na mtu mwingine akikigusa nitamkata kidole. Mwiko wa mtoto aliusugua kwa majivu na maji ya moto. Nyama yake aliikaanga kwanza kabisa asubuhi, kabla mtungi wa hoteli haujafunguliwa. Chapati alizikanda kwa maji na chumvi peke yake, akazipitisha kwenye mafuta yangu, zikatoka ngumu kidogo lakini binti yangu alizila kwa mikono miwili.

Miezi ilipita hivyo. Niliacha kuchungulia jikoni. Nikifika na gunia langu la samaki anatoa kichwa mlangoni, ananisalimu kwa Kiturkana, "Ejok, Mama Kondoo. Leo umeleta mkia au umeleta maneno?" Jina hilo likashika mji mzima, hata wateja wangu wa samaki wakalitumia, nami sikujali. Nilikuwa nakula nimeketi. Ukiwa na mtoto kama wangu, kula umeketi ni mapumziko makubwa.

Kisha akaanza kuniambia mafuta yanaisha haraka. Nyama ya siku hizi imekonda, alisema, inakunywa mafuta. Niliona ni kweli, mifugo ilikuwa imekonda. Nikamletea mkebe mkubwa zaidi. Nikija safari nyingine nakuta umebaki mtupu, nami nafurahi, najua mtoto amekula.

Asubuhi ya siku ile nilimkabidhi mkebe, nikaenda sokoni kupanga samaki, nikarudi mchana. Nyama ikaja, na chapati. Nilimuuliza kama kawaida, si kwa kumshuku, ni mazoea tu, kama mtu anavyoomba kabla ya kula. "Ni yako, dada," akasema, akanitazama machoni. "Nani atathubutu?"

Binti yangu alikula vipande viwili. Kipande cha tatu alikiweka chini akaanza kujikuna shingo.

Sitaeleza tena mbio zile. Zilikuwa zile zile, ila safari hii alikuwa mkubwa zaidi, alijua kinachomjia, na alinishika nguo kwa nguvu kiasi kwamba wauguzi walibandua vidole vyake kimoja kimoja. Alipiga mateke. Aliniita, halafu sauti ikakatika katikati ya jina langu. Sindano ya kwanza haikutosha. Nilisimama pale nikiangalia mbavu zake zikiingia ndani kila anapovuta pumzi, na nilikuwa nimeshamzika. Nasema kweli, nilikuwa nimeshachagua kanga. Ya pili ndiyo iliyomrudisha.

Mwenzangu wa samaki, mama wa Kongo ambaye meza yake iko karibu na yangu sokoni, alikuwa amenifuata mbio. Alikaa kitandani akamweka mtoto mapajani, akauona uso wangu. "Dada, enda," akaniambia. "Miye niko naye. Enda uulize."

Nilienda kuuliza. Naapa nilienda kuuliza. Nilimkuta mpishi anageuza maandazi kwenye karai, nikamuuliza taratibu umekaanga kwa mafuta gani, akasema tena ni yako, dada, si unaona yanavyopungua. Ndipo nikauona mfuko wake nyuma ya mlango. Chini ulikuwa na doa la mafuta, na harufu ya mkia wa kondoo haifichiki kwa mtu aliyeyanywa mafuta hayo kwa kushikwa kidevu. Yaliyofuata nimeshayaeleza.

Waliponitenganisha naye, yeye alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye gunia la viazi, ameshika shingo. Moto wa pazia mtu alikuwa ameumwagia maji ya ugali.

"Mke wangu amejifungua," mpishi alisema. Hakuniangalia. "Mbuzi wangu waliisha kwa ukame. Kondoo ningetoa wapi?"

"Ungeniomba."

"Mwanamume anamwombaje mwanamke wa njiani mafuta ya mke wake?"

Nilisikia wanaume walionishika wakilegeza mikono. Walikuwa wamemwelewa. Hicho ndicho kilichonichoma kuliko mguu: walimwelewa mara moja, wote, hata yule niliyemng'ata. Ili asionekane ameomba, alimlisha binti yangu kifo na kitambaa chekundu juu yake. Nilimtupia mkebe kifuani, nao ukammwagikia nusu. Nikamwambia ampelekee mkewe yaliyobaki, na kama maziwa yake hayatatoka vizuri nitarudi nimmalize.

Mwenye hoteli alikuwa ametokea ofisini kwake. Nilimuuliza kwenye mtungi ule kuna nini. Alisema mafuta. Yapi? Akasema yeye hununua mabaki kwa wafanyabiashara, haya yakiisha anaongezea yale, mtungi haukauki. Ya simsim yamo? Akainua mabega yake mazito.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ile ya kanisani, "mafuta ni mafuta."

Hospitali waliuosha mguu wangu kwenye benchi lililo karibu na kitanda cha binti yangu. Muuguzi aliyefunga bendeji aliuliza na wewe umekula nini. Nikamwambia mimi sijala.

Usiku ule mimi sikulala, na mume wangu naye hakulala. Yeye ni mlinzi Lodwar, alikuwa kazini, akapiga simu. Nikamweleza yote, mtoto, sindano, mpishi, mfuko. Akavuta kamasi. Nilidhani analia. Kisha akauliza, "Yaani wameiba mafuta ya mama?"

Kuanzia hapo ndivyo ilivyokuwa. Tulipofika Lodwar habari ilikuwa imetutangulia, na habari yenyewe ilikuwa kwamba Mama Kondoo ameibiwa. Majirani walikuja kunipa pole ya mafuta. Wanawake walimlaani mpishi, kisha wakauliza mke wake amezaa mtoto gani. Walimpapasa binti yangu kichwani wakipita kwenda kwa mama mkwe kuuliza mkebe ulikuwa na ukubwa gani.

Siku chache baadaye gari dogo lilisimama nje, na kwenye buti lake mlikuwa na kondoo. Alikuwa mweupe, kichwa cheusi, miguu imefungwa, amejinyea njia nzima. Mwenye hoteli alishuka taratibu akasalimia kila mtu. Aliletewa kiti. Alizungumza vizuri, lazima niseme, alisema ametoka Kakuma mwenyewe na hakumtuma mtu kwa kuwa jambo hili ni la heshima. Mpishi ni mwizi na ameshamfukuza. Ameleta kondoo badala ya mafuta, na kondoo mzima ana mafuta mengi kuliko mikebe yote iliyoibiwa. Mume wangu alitikisa kichwa kukubali. Wazee wawili wa jirani walitikisa kichwa. Mama mkwe alikuwa ameshachuchumaa nyuma ya kondoo, anaubinya mkia.

"Ni mzuri," akasema. "Huyu amelishwa."

Nikamuuliza mwenye hoteli, na mtungi?

"Mtungi upi?"

"Ule wa mafuta."

Alinitazama kwa huruma ya kweli. Akasema ana mpishi mpya sasa, mcha Mungu, hawezi kuiba.

Palikuwa na bakuli la maziwa kwenye kigoda. Nililipiga kwa mkono likaruka hadi kwenye gauni lake. Nikamwambia nikimwona tena binti yangu anashindwa kupumua kwa sababu ya mtungi wake, nitakuja nimzamishe humo yeye, kichwa kwanza, na nitahesabu mapovu. Mume wangu akanishika kwa nyuma. Nilimpiga kiwiko cha tumbo, akakaa chini. Wazee wakasimama. Mtoto akaanza kulia, na mama mkwe akambeba akaniambia nimewaaibisha mbele ya mgeni aliyekuja na kondoo.

"Mtoto alikuwa anakufa, mama."

"Mtoto amepona," akasema. "Mafuta hayajarudi."

Hakusema kwa ubaya. Anampenda mjukuu wake kuliko anavyonipenda mimi, kuliko hata mwanawe. Kwake jambo lililopita salama limepita, na lililobaki ni deni. Nilimwangalia pale amembeba binti yangu, mkono wake wenye harufu ya mkia wa kondoo unamfuta machozi, nikajua nikinyamaza leo, mwezi ujao nitakuwa Kakuma na gunia la samaki na mtoto mwenye njaa, na mtungi ule utakuwa umeongezewa.

Asubuhi nilimfungua kondoo kabla hawajaamka kumchinja, nikamvuta kwa kamba hadi kwenye ofisi za serikali. Mguu ulikuwa umetunga malengelenge, nilitembea kwa kisigino. Kondoo naye hakutaka. Njia nzima watu waliniuliza namuuza bei gani. Mmoja aliyenisumbua hadi karibu na lango nilimwokotea jiwe.

Nilimfunga kwenye mti langoni nikaingia ofisi ya afya ya umma. Afisa alikuwa kijana, shati limenyooka. Alichungulia dirishani, akaniambia kwa adabu ofisi ya mifugo ni jengo la pili. Nikamwambia sijakosea jengo. Nikaeleza. Alisikiliza vizuri, akiandika kwa Kiingereza kwenye kompyuta, akiniuliza hapa na pale. Alipomaliza aligeuza kioo nisome. Nimesoma hadi kidato cha nne, Kiingereza nakijua. Juu kabisa alikuwa ameandika kwamba huu ni wizi wa mafuta ya mnyama, na akashauri nipelekwe kwa polisi au kwa wazee tusikilizane.

Nilichomoa waya ukutani. Kompyuta ikazimika na maneno yake yote.

Mlinzi alikuja, akanishika mkono. Afisa akamwambia aniache. Nadhani aliuona mguu wangu wakati huo, maana bendeji ilikuwa imeloa. Akanisukumia karatasi na kalamu juu ya meza, akasema niandike mwenyewe basi, ila ofisi inapendelea Kiingereza. Nikamwambia alinielewa vizuri nilipokuwa nampigia kelele kwa Kiswahili. Nikaandika nimesimama. Aligonga muhuri, akanipa nakala, na hii hapa ndiyo, sikubadilisha neno.

Kwa Afisa wa Afya ya Umma, Lodwar.

MINT: MTUNGI WA MAFUTA USIOJULIKANA KATIKA HOTELI ILIYO KANDO YA BARABARA, KAKUMA

Mimi ni mwuza samaki na mama wa mtoto mmoja. Binti yangu akila simsim au mafuta yake, koo linafunga na hawezi kupumua. Hospitali ya Kakuma wanamjua.

Nalalamika juu ya mtungi wa plastiki wa njano ulio jikoni mwa hoteli hiyo, upande wa kulia ukiingia. Hauna jina. Mwenye hoteli huujaza mabaki ya mafuta ya mbegu kutoka kwa watu mbalimbali bila kujua ni ya mbegu gani, na alisema hivyo mbele ya wateja. Mpishi alimkaangia binti yangu kwa mafuta ya mtungi huo akaniambia ni mafuta ya kondoo. Mtoto alidungwa sindano mbili ndipo akapumua.

Nilimpiga mpishi kwa mwiko nikamwaga karai. Hilo mkitaka kunishtaki, nipo, mguu wangu ni ushahidi. Silalamiki juu ya mafuta ya kondoo. Hayo nilimpa mke wake, naomba yasiandikwe kama wizi.

Nataka mtungi ule ukaguliwe na umwagwe. Nataka mwenye hoteli, na wenye hoteli wengine wa Kakuma na Lodwar, waandike ukutani wanapikia mafuta gani, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, na wasiojua wanapikia nini waandike kwamba hawajui. Nataka mhudumu akiulizwa na mama mwenye ndara ajibu kama anavyomjibu mwenye kitambulisho shingoni. Mpishi aliyefukuzwa hakuujaza mtungi. Aliyeujaza bado anauza.

Kondoo mweupe mwenye kichwa cheusi aliyefungwa langoni kwenu aliletwa nyumbani kwangu ili jambo hili liishe. Halijaisha. Nimekataa kumchinja. Mrudishieni mwenyewe siku mtakayokwenda Kakuma kuukagua mtungi, na kadiri mtakavyochelewa kwenda, ndivyo mtakavyomtafutia majani. Leo ameshakunywa maji.